Jasho, Mvuke na Umande: Kiswahili na Safari ya Maji katika Mmea

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa shule ya msingi ya umma nchini Tanzania husoma habari za mmea kwa Kiswahili. Akiingia sekondari huzisoma upya kwa Kiingereza. Katika kuvuka huko, dhana nyingi hupotea njiani. Mhadhara huu unachunguza dhana moja, yaani safari ya maji kutoka mizizini hadi hewani. Hoja yake ni kwamba Kiswahili hakipungukiwi maneno ya kuieleza. Kinachohitajika ni uangalifu katika kuyachagua.

2.0 Majina ya Maji

Kauli inayowajia wengi upesi ni kwamba mmea “hutoka jasho”. Sitiari hii inavutia, lakini inapotosha. Jasho la mwanadamu hutolewa na tezi likiwa kimiminika, ndipo likauke juu ya ngozi. Maji ya mmea hugeuka mvuke ndani ya jani lenyewe, kwenye kuta nyevu za seli, kisha mvuke huo hutoka kupitia vijitundu viitwavyo stomata. Kwa hiyo, “mvukizo wa majani” ni istilahi iliyo karibu zaidi na ukweli.

Aidha, mkulima aendaye shambani alfajiri huona matone kwenye ncha za majani ya magimbi. Akiyaita umande, hakosei kimazoea, ila kisayansi amechanganya mambo mawili. Umande ni mvuke wa hewani uliopoa na kutua juu ya jani. Matone yale ya nchani yametoka ndani ya mmea, yakisukumwa na kanieneo ya mizizi wakati wa usiku, mvukizo ulipopungua.

3.0 Kufyonza, Kusukumwa na Kuvutwa

Vitenzi navyo vina uzito. Husemwa kwamba mizizi “hufyonza” maji, na msomaji huelewa kwamba kazi yote hufanyika ardhini. Ni kweli kwamba maji huingia mizizini kwa osmosisi, lakini katika mti mrefu nguvu kubwa iko juu. Maji yanapovukizwa jani, yaliyobaki katika kuta za seli huvuta yaliyo nyuma yao, na mvuto huo hushuka kupitia mirija ya zailemu hadi mizizini. Uzi huo wa maji haukatiki kirahisi kwa kuwa molekuli zake hushikamana. Maelezo haya yalitolewa na Henry Dixon na John Joly huko Dublin mwaka 1894. Kiswahili kinayabeba bila taabu: kutokana na “shika” hupatikana “shikamana”, na kiambishi -man- chenyewe kinadokeza vitu vilivyoungana visiachane.

Tofauti hii si ya maneno matupu. Kanieneo ya hewa haiwezi kuinua maji zaidi ya takribani mita 10. Hata hivyo, katika Mlima Kilimanjaro umo mti wenye kimo cha mita 81.5, ambao vipimo vyake vilitangazwa mwaka 2016. Kitenzi “fyonza” hakiufikishi msomaji kileleni mwa mti huo, “vutwa” humfikisha.

Mvuto huo una gharama. Zaidi ya asilimia 90 ya maji yaingiayo mizizini hupotea hewani, kwa sababu stomata zinazopitisha kabonidayoksaidi ndizo hizo zinazotoa mvuke. Mkonge hupunguza hasara kwa kuzifungua usiku. Mbuyu hupukutisha majani wakati wa kiangazi.

4.0 Hitimisho

Wakulima, wavuvi na wapishi wameshatofautisha mvuke, jasho, umande na ukungu kwa karne nyingi. Kazi ya mwanaistilahi si kuyafuta maneno hayo, bali kuyapa mipaka. Mwanafunzi aliyefunzwa kwamba jani huvukiza na maji huvutwa ataikuta sayansi ya sekondari akiwa tayari ameielewa, hata kama lugha yake imebadilika.