Nyumba na lopitali: tumuulize nani? Maneno tuliyosema mbele ya vijana wa Lubumbashi



Tunajua wengine wametembea kwa miguu juu hakuna pesa ya taksi, kwa hiyo tunaingia moja kwa moja.

Tuko hapa kwa mambo mawili, nyumba na lopitali. Kuna rafiki alituuliza jana: kwa nini mnachanganya? Hatuchanganyi. Ni mfuko mmoja. Mtoto akigonjwa, pesa ya nyumba njo inakwenda lopitali. Pesa ya nyumba ikikosekana miezi miwili, mwenye nyumba anatoa vyombo nje, mnahamia kachumba ka karibu na mferiji wa maji machafu, na pale mtoto anagonjwa tena. Nani kati yetu hajaona familia iliyopita njia hiyo?

Tuanze na nyumba. Wengi wetu hapa tuko na diplome. Tulisoma miaka mitano, tukavaa joho, tukapiga picha, mama akalia kwa furaha. Leo tuko na miaka ishirini na tano, ishirini na sita, na tunalala salon kwa wazazi pamoja na wadogo zetu. Wanatuita wavivu. Sawa. Tuseme kijana amepata kazi kidogo, anafundisha kwenye shule ya mtu binafsi, na anataka chumba chake. Anamtafuta komisionere. Komisionere anaomba pesa ya kutembea hata kabla ya kumuonyesha mlango. Chumba ni dola 50 kwa mwezi. Mwenye nyumba anasema garanti miezi sita. Wengine wanasema miezi kumi bila haya. Piga hesabu ya ile sita: dola 300, na komisionere anachukua mwezi wake mmoja, zinakuwa dola 350. Siku moja, mkononi, cash. Mwalimu huyo analipwa ngapi kwa mwezi? Mnacheka, lakini mnajua jibu.

Kumbe kuna sheria. Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015, juu ya kukodisha nyumba ambazo si za biashara, inasema garanti ya nyumba ya kuishi haipite miezi mitatu. Mitatu. Nyoosheni mikono, nani alikuwa anaijua? Wawili. Watatu. Hata sisi tuliofanya droo tulisikia jina lake darasani na hatukuiona tena mahali popote, si kwenye mlango wa komini, si kwa shefu wa kartye, si kwa maredio.

Tuseme hapa neno moja juu ya wenye nyumba, juu kuna vijana wanaotaka tuwatukane. Wengi wao si matajiri. Ni mama mjane aliyejenga vyumba viwili nyuma ya kiwanja, na kwa vyumba hivyo analipa masomo ya watoto. Anaomba miezi kumi juu anaogopa: mpangaji akikataa kulipa, kesi itakula pesa zaidi ya kodi yenyewe. Yule si adui yetu. Adui ni ofisi inayojua sheria na kunyamaza. Komini iko na watu wa urbanisme na habitat, na kazi yao iko pale. Lini wamepita kwenye kartye kuwaambia wote wawili, mwenye nyumba na mpangaji, sheria inasema nini? Wanajua kupita wakati wa kukusanya taksi. Hiyo njia wanaijua vizuri sana.

Lakini hata garanti ikishuka hadi miezi mitatu, nyumba bado ni chache. Na mji huu haukuwa hivi. Union Minière ilijenga makambi kwa wafanyakazi wake, na Ruashi yenyewe ilijengwa na ile ofisi ya wakoloni iliyoitwa OCA, iliyoundwa mwaka 1952. Hatuwasifu. Walijenga kwa faida yao, wapate mfanyakazi anayelala karibu na anayeamka mzima. Lakini babu zetu walilala ndani. Halafu Gécamines ikaendelea na utaratibu huo: baba akiwa na kazi, familia iko na nyumba, na mtoto akigonjwa anapelekwa lopitali ya kampuni bila kuulizwa dola. Kampuni ikaanguka miaka ya 1990. Kuanzia 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakatoka kwa mpango ulioitwa kuondoka kwa hiari. Waulizeni wazee nyumbani ile hiari ilikuwa hiari ya namna gani.

Kampuni ilipoacha ule mzigo, nani aliubeba? Kwa makaratasi, jibu liko. Katiba ya 18 Februari 2006, kifungu cha 47, inasema haki ya afya inalindwa. Kifungu cha 48: haki ya nyumba yenye heshima, na ya kupata maji ya kunywa na umeme. Neno ni hilo, inalindwa. Haikuandikwa "tutajaribu".

Serikali ilijaribu mara moja kuzungumza nyumba kwa sauti kubwa. Mwaka 2019, kwenye programu ya siku 100 ya Rais Tshisekedi, kulikuwa na nyumba 1,500 za kuunganisha, zile zinaletwa vipande vipande. Mwaka 2020 ikawa kesi, tukaifuata wote kwa televisheni, ikiendeshwa ndani ya gereza la Makala. Katikati ya kesi jaji Raphaël Yanyi, aliyekuwa anaiongoza, akafariki. Tarehe 20 Juni 2020 Vital Kamerhe, aliyekuwa mkurugenzi wa ofisi ya Rais, akahukumiwa miaka 20 kwa karibu dola milioni 50. Mwaka 2021, kwa rufaa, ikawa miaka 13. Mwaka 2022 hukumu ikafutwa, na korti ya rufaa ikamwachilia kabisa. Sisi si majaji. Korti imesema hana kosa, basi tunaandika hana kosa. Tunachouliza ni kitu kidogo: nyumba 1,500 ziko wapi? Kesi ilianza, ikaisha, wakili walilipwa, na hakuna aliyekuja kutuambia ngapi zimesimama, mji gani, na nani analala ndani. Tulikuwa tunaangalia nani anaingia gerezani na nani anatoka, na nchi nzima ikasahau kuuliza juu ya milango na madirisha.

Tuje kwa lopitali. Hapa tutakawia kidogo.

Mnajua vile inaendaka. Unafika na mgonjwa, kwanza fishi. Halafu egzame, na kila egzame iko na karatasi yake ya kulipa. Dawa hakuna ndani, unatumwa famasi ya ng'ambo ya barabara. Glovu unanunua, sindano unanunua. Usiku umeme ukikatika, mnatafuta mafuta ya grupu. Munganga na infirmie si wabaya wote, tuseme ukweli. Wengi wao wanangoja mshahara na ile prime ya hatari, na ile isipofika, wanakula kwa mgonjwa.

Na baada ya kupona, kuna kitu tumekizoea sana mpaka hatuoni tena kuwa ni aibu: mgonjwa kuzuiwa juu ya fakture. Mmoja wetu, dada yake alizaa kwa upasuaji katika lopitali moja ya mji huu. Hatutaji jina, juu si moja tu inafanya hivyo. Alizuiwa majuma matatu. Alilala na mtoto kwenye kitanda kimoja, pamoja na mama wengine wenye deni, na kila siku aliyolala pale ilikuwa inaongezwa kwenye fakture ile ile aliyoshindwa kulipa. Familia ikauza simu, ikauza frigo, kanisa likachangisha. Na chumba alichokuwa anapanga? Wakati anatoka, kulikuwa na mpangaji mwingine.

Lakini Septemba 2023, kule Kinshasa, serikali ilianzisha kuzaa bure, matunzo ya mama na ya mtoto mchanga, ndani ya mpango mkubwa wa afya kwa wote. Walisema itafika mikoa yote hatua kwa hatua. Ni jambo zuri, na tunalisema bila kubana midomo. Mama asiyelipa kwa kuzaa ni ushindi. Basi tunataka tujue hapa kwetu, materniti gani ziko ndani ya mpango, kwa majina, na kuanzia tarehe gani? Zinalipwa na serikali kila mwezi, ao zinadai? Juu lopitali isipolipwa na serikali itamrudia mama, kwa jina lingine. Haitaita tena kuzaa, itaita "pamba", "usafi", "karatasi".

Sasa tumuulize nani? Hapa njo wanatuchezea mpira. Ukienda kwa mkoa, wanasema pesa iko Kinshasa. Depite wa Kinshasa akikuja likizo, anasema mambo ya lopitali na nyumba ni ya gavana. Sisi tulikaa na Katiba siku nzima. Kifungu cha 204 kinaorodhesha kazi ambazo ni za mkoa peke yake, na makazi ya mjini na ya vijijini yako ndani. Huduma za kutibu, za maabara, za dawa, na afya ya msingi ziko ndani pia. Kwa hiyo gavana asituambie tena atapeleka sauti yetu Kinshasa. Sauti yetu imefika kwake, na mwisho wake ni pale.

Kinshasa nayo isifurahi. Kifungu cha 175 kinasema sehemu ya mapato ya taifa inayokwenda kwa mikoa ni 40%, na inabakishwa palepale yanapokusanywa. Kila gavana aliyepita analalamika kwamba hapati ile 40. Basi atuonyeshe kwa namba: mwaka jana nilipashwa hii, nilipata hii. Atakuwa na sisi nyuma yake. Na wakuu wa Afrika waliahidi Abuja mwaka 2001 kuweka 15% ya bajeti kwa afya. Kongo haijafika pale.

Na sisi wa huku hatuwezi kusema tu "hakuna pesa". Malori ya shaba na kobalti yanapita mbele ya macho yetu mchana na usiku, vumbi tunakula sisi. Code ya madini ya 9 Machi 2018 inagawanya ule mrabaha, redevansi, hivi: 50% serikali kuu, 25% mkoa, 15% komini, sekta ao shefferi ambapo mgodi uko, na 10% mfuko wa vizazi vijavyo. Juu ya hiyo, kampuni inapashwa kuweka 0.3% ya mauzo yake kwa miradi ya wenyeji. Ile 15% inaingia kwa komini yenyewe. Haipite kwa waziri. Kwa hiyo kwa wenzetu wenye mgodi ndani ya komini yao, mtu wa kuulizwa yuko umbali wa kutembea kwa miguu: burgumestre. Na tarehe 20 Desemba 2023 tulichagua, mara ya kwanza, washauri wa komini. Walipita kwetu na tishoti na chumvi. Sasa sisi tupite kwao.

Barua tuliyoandika iko pale mezani. Moja inakwenda kwa gavana, na kopi kwa asamble ya mkoa, ili depite mmoja aigeuze kuwa swali. Zingine zinakwenda kwa komini. Haziombi nyumba, haziombi lopitali mpya. Zinaomba majibu manne ya maandishi: redevansi iliyoingia mwaka uliopita na ilienda wapi, materniti za kuzaa bure, mgonjwa wangapi wamezuiwa leo juu ya deni na nani atawatoa, na lini ile sheria ya garanti ya miezi mitatu itabandikwa kwenye mlango wa kila komini na kila kartye. Kifungu cha 27 kinatupa haki ya kuandika, na kinasema mtu asisumbuliwe juu ya kuandika.

Anayetia sahihi aweke jina kamili na avenyu yake. Asiyetaka, asilazimishwe, kuna wenye baba zao kazini kwa serikali na tunaelewa. Usiandike jina la rafiki asiyekuwa hapa, watatufuata kwa hiyo tu. Wawili wawili watapeleka kila barua asubuhi, na wasiondoke bila muhuri, tarehe na sahihi ya aliyeipokea. Akisema mkubwa hayupo, wangoje. Tukiwa bila kazi, muda tunao.

Wale wa Annexe na Ruashi wabaki kidogo, barua yenu bado inakosa jina la kampuni zinazochimba ndani ya komini, tuzihakikishe pamoja. Na mwenye kuandika Kifaransa bila makosa asogee hapa mbele.