Kipimo cha malaria: mistari inasema nini?

(Mazungumzo na vikundi vya akina mama, Kakamega)

Leo tuzungumze juu ya kile kipimo kidogo cheupe ambacho mhudumu wa afya wa kijiji huja nacho nyumbani. Tunadungwa kidole, lakini wengi hatujui mle ndani kunaendelea nini.

Ndani mna ukanda wa karatasi maalum. Kiwandani wamepaka juu yake kingamwili, yaani askari wa mwili, kwa mstari usioonekana. Si mnajua ulimbo wa kunasia ndege? Basi huu ni ulimbo unaonasa ndege wa aina moja tu: protini inayotolewa na kijidudu cha malaria kiitwacho falsiparamu, ambacho ndicho kingi huku kwetu. Damu inatiririka pamoja na chembe ndogo mno za dhahabu zilizobeba kingamwili. Protini ikiwepo inanaswa pamoja nazo, na mstari mwekundu unatokea penye herufi T. Mstari wa C unaonyesha tu kwamba kipimo kimefanya kazi. Kwa hivyo:

- C na T: malaria ipo, hata T ikiwa hafifu.
- C peke yake: malaria haikuonekana.
- C haikutokea: kipimo kimeharibika, atumie kingine.

Sasa, mambo mawili yanatuletea hasara.

La kwanza, mtoto anapimwa, hana malaria, mama anasema, "Ati hicho kidude kinadanganya," anakimbia dukani kununua AL. Kumbe ni homa ya mapafu, nayo inaendelea kummaliza mtoto. Tangu 2010 Shirika la Afya Duniani linashauri mgonjwa apimwe kwanza ndipo apewe dawa. Kama si malaria, uliza: ni nini basi? Mtoto anayepumua haraka haraka au kushikwa na degedege apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

La pili, mtoto amemaliza dawa, anapimwa tena baada ya wiki mbili, T inatokea, anapewa dawa upya. Ile protini inaweza kubaki kwenye damu wiki kadhaa hata kijidudu kikiwa kimekufa. Akiugua tena mapema hivyo, aende maabara damu iangaliwe kwa hadubini, maana hiyo inaona kijidudu chenyewe.

Mwisho, pakiti isiachwe juani, isifunguliwe mapema, na kipimo kisomwe kwa dakika zilizoandikwa, si baada ya kutoka shambani.

Haya, nani ana swali?