Chungu cha Maharage na Uniti 75



Katika nyumba nyingi za mwambao wa Tanganyika, kinachokula nishati kuliko vyote si taa wala redio, bali ni chungu cha maharage. Maharage makavu yakitiwa jikoni moja kwa moja huchukua saa mbili au zaidi, na mkaa huongezwa mara kadhaa kabla hayajaiva. Yakilowekwa tangu jioni, maji yale yakamwagwa na chungu kikafunikwa, muda hupungua sana. Wapo wapishi wanaokwenda mbali zaidi: maharage yaliyolowekwa huchemshwa kwa nguvu nusu saa, kisha sufuria iliyofunikwa huzamishwa katika kapu lililojazwa nguo kuukuu au majani makavu ya mgomba. Joto lililomo huendelea kuyaivisha kwa saa kadhaa bila kipande cha mkaa. Kabla ya kuliwa, ni lazima yarudishwe motoni yachemke tena. Ugali wa muhogo, bila shaka, haungoji kapu.

Jiko la bati tupu hutupa joto pembeni. Lenye udongo ndani hulitunza. Kosa baya kuliko yote ni kuingiza jiko la mkaa chumbani usiku wa mvua. Hewa ya sumu itokayo humo haina harufu, na huua watu usingizini.

Gharama ya kuni huonekana pia vilimani. Dkt. Jane Goodall alifika Gombe mwaka 1960, wakati miti ilienea bado nje ya eneo la hifadhi. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990, mashamba na kuni vilikuwa vimeviacha vilima jirani karibu vitupu, na mwaka 1994 mradi wa TACARE ukaanza kupanda miti pamoja na wanavijiji. Kilima kisicho na miti huporomoka na mvua hadi ziwani, na tope lake hufunika mawe ambamo samaki huzaliana.

Kuhusu umeme, Kigoma iliishi kwa majenereta ya dizeli miaka mingi kabla ya Gridi ya Taifa kuufikia mkoa, na huenda ndiyo sababu wazee huzima taa kwa haraka kuliko vijana. Mteja mdogo wa daraja la D1 hulipa shilingi 100 kwa uniti, kabla ya kodi na tozo, akibaki ndani ya uniti 75 kwa mwezi. Inayozidi hulipiwa shilingi 350. Balbu nne za zamani za wati 60, zikiwaka saa tano kila usiku, hula uniti 36 kwa mwezi. Balbu nne za LED za wati 9 hula uniti 5 na nusu hivi. Tofauti hiyo peke yake yaweza kuirudisha kaya ndani ya kiwango.

Friji nayo isibanwe ukutani, wala isitiwe chakula cha moto. Karatasi ikibanwa mlangoni na kuchomoka kwa wepesi, mpira umechoka.

Panapo shaka, vifaa vyote vizimwe na kuchomolewa usiku, na uniti zilizomo kwenye mita ya LUKU ziandikwe. Zikiwa zimepungua asubuhi, aitwe fundi mwenye leseni akague nyaya.