Viza ya Kutembea Siyo Viza ya Kazi
(Niliyozungumza na vijana wa tawi letu, Kariakoo)

Nasoma sheria, lakini leo sitawachosha na vifungu. Tuongee jambo lililo vichwani mwa wengi hapa: kuondoka.

Anayetaka kwenda Oman au Dubai kutafuta maisha si msaliti. Ibara ya 17 ya Katiba inampa kila raia haki ya kutoka nje ya nchi na kuingia. Kijana anayebeba mizigo Msimbazi tangu alfajiri na bado kodi ya chumba inamshinda, nani amlaumu? Ila aangalie anapita mlango gani.

Dalali atakwambia: "Chukua viza ya kutembea, ukifika utabadilisha." Binamu yangu aliambiwa hivyo hivyo. Kufika Muscat, mshahara si ule waliokubaliana, pasi kachukua bosi, dalali hapokei simu. Adai kwa karatasi gani? Mkataba hana, ubalozini jina lake halipo. Na ukishaandikishwa chini ya kafili, huhami nyumba kwa kujiamulia. Ukikimbia, anaripoti umetoroka, na wewe ndiye unayetafutwa.

Hayakumpata peke yake. Mwaka 2017 Human Rights Watch walitoa ripoti baada ya kuhoji wanawake 50 wa Tanzania waliofanya kazi za ndani Oman na Emirati. Wengi walinyang'anywa pasi.

Sasa shikeni haya. Nenda kwa viza ya ajira, kupitia wakala mwenye leseni, kahakikishe TaESA. Mkataba uwe wa maandishi, uhakikiwe na ubalozi wetu kule, na usisaini lugha usiyoielewa. Upige picha pamoja na pasi, mwachie mtu wa nyumbani. Wakala akikufundisha useme uwanja wa ndege kwamba unakwenda kumsalimia shangazi, geuza begi urudi.

Na serikali je? Kutuambia "jihadharini na matapeli" haitoshi. Mkataba namba 189 wa ILO wa mwaka 2011 unataka mfanyakazi wa ndani apewe mkataba kabla hajavuka mpaka, na pasi akae nayo mwenyewe. Tunadai majina ya mawakala wenye leseni yabandikwe kila ofisi ya kata, na simu za ubalozi zipokelewe.

Anayeondoka, aondoke na mkataba mkononi. Tunaobaki, tuidai nchi ambayo jasho la mtu linamlipa hapa hapa.