Akamrudisha Nyumbani

Somo: Marko 5:1-20

Tunazungumza kutoka Nyalenda, hapa Kisumu.

Somo letu la leo nalo ni la kando ya ziwa. Yuko mtu aliyelala makaburini, akipiga kelele usiku na kujikata kwa mawe. Watu walimfunga kwa minyororo wakashindwa. Bwana Yesu akamponya. Basi angalieni jambo ambalo mara nyingi tunalipita tukisoma: mtu yule aliomba aingie chomboni aondoke na Yesu, wala hakukubaliwa. Aliambiwa arudi kwa watu wa nyumbani kwake.

Huenda aliogopa kurudi. Sisi wa Nyalenda twamwelewa. Ndugu anayetaka kuacha chang'aa akitoka mlangoni asubuhi, harufu humpokea kabla hajafika Ring Road. Anayemuuzia ni jirani, pengine ni shemeji yake. Kulazwa miezi mitatu mahali penye ukuta na lango ni gharama ambayo jamaa nyingi hapa hawaiwezi. Yanabaki matibabu ya kwenda na kurudi: siku ya kliniki anakwenda, anazungumza na mshauri pamoja na wenzake, na jioni analala kwake.

Je, yanafaa? Huko Eldoret walijaribu jambo hili kwa wagonjwa 614 wa kliniki za UKIMWI waliokuwa wakinywa pombe, na matokeo yakachapishwa mwaka 2021. Walikutana kwa vikundi mara moja kwa juma, majuma 6. Kikundi kimoja kilifundishwa kutambua saa na mahali pa majaribu, na kujizoeza kukataa kikombe. Kingine kilifundishwa mambo ya afya kwa jumla. Wote walipunguza kunywa, lakini wale wa kwanza walipunguza zaidi. Na waliowafundisha hawakuwa madaktari. Walikuwa watu wa kawaida waliopewa mafunzo.

Hapa hatuna budi kuungama. Ndugu mmoja aliyekuwa amelewa kila siku kwa miaka mingi aliokoka katika mkutano wetu, akaacha pombe usiku uleule. Tulishangilia. Kesho yake mikono ikatetemeka, jasho likamtoka, halafu akaanguka kama mwenye kifafa. Sisi tukazidi kukemea. Aliyemwokoa ni mama jirani, ambaye hata si mshirika wetu, aliyeita pikipiki akampeleka hospitali. Mwili uliozoea pombe kali kila siku ukinyimwa ghafla waweza kuanguka hivyo katika siku mbili za kwanza, kisha mtu akachanganyikiwa, hata akafa. Dawa za kuzuia hayo zipo. Basi mtu wa namna hiyo aonwe na daktari kwanza, na ikibidi alazwe siku chache, ndipo aanze safari ya kwenda na kurudi. Kumpeleka hospitali si kupungukiwa na imani.

Turudi kwa somo. Nguruwe kama 2,000 walikufa majini, na watu wa nchi ile wakamsihi Yesu aondoke kwao. Ni rahisi kuwalaumu. Lakini baadhi ya wanaopika chang'aa kwetu ni wajane wanaoimba nasi Jumapili. Ada ya watoto hutoka katika pipa lile, na sadaka yao twaipokea bila kuuliza. Tukitaka pipa lizimwe, tujue tumeomba mkate wa mtu, nasi tuwe tayari kukaa naye tutafute biashara nyingine. Neno hili hatujalisema mara nyingi katika vikao vya wazee.

Ndugu yetu yule yu hai. Alilazwa siku kadhaa, na sasa siku yake ya kliniki ni Jumatano. Jumatano mbili alikwenda peke yake kwa miguu, akipita palepale alipokuwa akinywa. Jumamosi hii kuna matanga karibu na nyumba yake, na sote twajua kinachozunguka usiku wa matanga. Vijana wawili wa kwaya wamesema watakaa naye mpaka asubuhi. Wa kumsindikiza Jumatano bado hajapatikana.

Tuombe. Bwana Yesu, ulimrudisha yule mtu kwa watu wake, na huyu umemrudisha kwetu. Utusamehe tulivyomwacha aende peke yake. Uwabariki mkewe na watoto wanaomngoja jioni hii. Amina.