Utafiti Unaosahau Kurudi Nyumbani

Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, Songea



 Nimeombwa nieleze habari za utafiti na mafunzo ya shahada za juu katika elimu ya maji na ya ardhi. Mimi ni mtumishi wa serikali katika kazi za maji, na shahada yangu ya pili niliipata kwa kupima visima vya mkoa huu. Kwa hiyo nitasema ninayoyajua, pamoja na moja ninaloliona aibu.

Ndugu zangu, sisi tumekulia kwenye chemchemi. Milima ya Matogoro mnayoiona pale ndiko unakoanza mto Ruvuma, ambao huenda mpaka Bahari ya Hindi ukitenga nchi yetu na Msumbiji. Kutoka milima hiyo hiyo mto Luegu hupeleka maji yake Rufiji. Na magharibi yetu mto Ruhuhu huingia Ziwa Nyasa, ambalo kina chake kinafika mita 700. Kwa mwanafunzi wa maji hakuna darasa zuri kuliko hili.

Kwa mwanafunzi wa ardhi pia. Mwaka 1933 Bwana Parrington, wa Chuo Kikuu cha Cambridge, alikuja bonde la Ruhuhu akakusanya mifupa ya wanyama wa kale iliyogeuka mawe. Mwanafunzi wake, Alan Charig, aliichunguza baadhi ya mifupa hiyo na kuiandikia tasnifu mwaka 1956. Tasnifu ikakaa kwenye rafu. Mmoja wa wanyama wale, aitwaye Nyasasaurus, alielezwa rasmi kwa wataalamu mwaka 2013, yaani miaka 57 baadaye. Charig mwenyewe alikuwa amefariki tangu 1997. Wanasema mnyama huyo aliishi yapata miaka milioni 240 iliyopita, na huenda ndiye dinosaria wa kale kuliko wote wanaojulikana, au ndugu yao wa karibu. Mimi nilisoma jiografia katika shule hii, na sikuwahi kusikia kwamba mifupa ya namna hiyo ilitoka kwetu.

Msidhani nawasema Wazungu. Nami nilifanya vivyo hivyo.

Nilipokuwa mwanafunzi wa shahada ya pili nilipima visima vifupi katika kijiji kimoja nje ya mji huu. Kila wiki, mwaka mzima, nilishusha utepe wa kupimia kisimani na kuandika maji yako mita ngapi chini. Mzee mmoja nilimwachia chombo cha kupimia mvua na daftari. Kila siku saa 3 asubuhi alisoma, akaandika. Mvua zilipokwisha, maji yalianza kushuka. Ilipofika Oktoba visima vya upande wa juu, ambako mwamba uko karibu, vilikauka. Vya bondeni vikabaki na maji. Ni jambo jepesi, lakini bila kupima mwaka mzima hulijui, maana mwezi wa Machi kila kisima kina maji.

Siku ya kuondoka mzee aliniuliza, "Mwanangu, majibu ya maji yetu utatuletea lini?" Nikamjibu, "Nikimaliza kuandika, baba. Wewe endelea na daftari mpaka nirudi." Nikaenda Dar es Salaam, nikaandika tasnifu kwa Kiingereza, nikapata shahada, nikapata kazi, nikaoa. Sikurudi.

Baadaye wanakijiji walichangishana fedha wakachimba kisima upande wa juu, mwezi wa Machi. Maji yakapatikana, watu wakashangilia. Oktoba kisima kikakauka. Simlaumu mtu. Jibu lilikuwa ndani ya tasnifu yangu, zaidi ya kilomita 900 kutoka pale, kwa lugha ambayo kamati yao haiisomi.

Nilipokuja kurudi, mzee alikuwa amefariki. Binti yake akanitolea madaftari matatu. Alikuwa ameendelea kuandika mvua kila asubuhi kwa miaka minne, kwa sababu nilimwambia aandike mpaka nirudi.

Vijana, nafasi za kusoma zipo. Idara za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam zipo. Upo mpango wa WaterNet, ulioanzishwa mwaka 2000, unaounganisha vyuo vya kusini na mashariki mwa Afrika katika mafunzo ya maji. Kipo chuo cha Nelson Mandela Arusha, kilichoanza kufundisha 2011, ambako wanatafiti namna ya kuondoa madini ya floraidi yanayoharibu meno na mifupa ya watu wa kaskazini. Nendeni mkasome. Lakini shahada isiwe mwisho wa safari.

Ndugu Mwenyekiti, naomba chama chetu kifikirie mambo matatu. Kwanza, tumsaidie nauli na malazi kijana wetu yeyote anayekuja kutafiti mkoani humu, kwa sharti kwamba ataacha kurasa mbili za Kiswahili kijijini na katika ofisi ya maji ya wilaya. Pili, shule iwe na chombo cha kupimia mvua, wanafunzi wakisome kila siku, likizo pia, na madaftari yatunzwe maktaba. Tatu, nakala za tasnifu zinazohusu Ruvuma zitafutwe, ziletwe hapa.

Kwa upande wangu, chombo cha mvua nimekuja nacho. Kiko ofisini kwa Mkuu wa Shule. Kijiji kile nacho nimekipelekea kurasa zake mbili. Zimechelewa, lakini safari hii wamechimba bondeni.