Hesabu ya Wanyama wa Msitu ni Daftari la Kijiji



Hakuna chama cha ushirika kinachopokea ufuta kwa kuukadiria kwa macho. Gunia huwekwa juu ya mizani, uzito huandikwa, na mkulima hupewa stakabadhi yake. Ukizuka ugomvi, daftari ndilo huamua. Utaratibu huo wahitajika pia katika mali nyingine ambayo wakulima wa Kisaki huishi jirani nayo, yaani wanyama wa mwitu.

Kisaki iko kusini ya Milima ya Uluguru, karibu na Mto Mgeta, ikipakana na nchi iliyojulikana kwa miaka mingi kama Pori la Akiba la Selous. Sehemu kubwa ya pori hilo ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019. Huko kuna tembo, nyati, simba na nguruwe mwitu. Katika misitu minene ya milimani kuna mbega, kima, komba, perere, funo, minde na sange.

Mtaalamu aingiapo msituni hutafuta majibu ya maswali mawili. La kwanza: kuna aina ngapi za wanyama? La pili: kila aina ina wingi gani? Maswali haya hayafanani. Duka la ushirika laweza kuwa na aina ishirini za bidhaa, lakini kila moja imebaki kipande kimoja. Mpita njia ataona duka limejaa, hali mwenye hesabu anajua kwamba linakaribia kufungwa. Ndivyo ulivyo msitu ambao kila mnyama bado yumo, lakini mitego ya nyaya imewapunguza wote.

Kuhesabu msituni si kazi nyepesi. Nyikani tembo huhesabiwa kutoka ndegeni, lakini chini ya miti iliyofungamana rubani haoni kitu. Kwa hiyo wahesabuji hupita kwa miguu katika njia zilizopimwa urefu, wakiandika kila kundi la mbega au kima waliloliona na umbali wake kutoka njiani. Kwa wanyama wa usiku na wenye haya, kamera hufungwa mtini nayo hujipiga picha mnyama apitapo, pamoja na tarehe na saa. Picha kumi za funo si lazima ziwe funo kumi. Aghalabu ni mmoja aliyerudi mara nyingi. Kwa hiyo hulinganishwa idadi ya picha kwa siku ambazo kamera ilikaa, mahali hadi mahali na mwaka hadi mwaka. Chui hutambulikana mmoja mmoja kwa madoa yake.

Faida ya kazi hiyo imekwisha kuonekana. Mwaka 2005, kamera zilizotegwa katika Milima ya Udzungwa zilipiga picha za sange wa aina ambayo wataalamu hawakuwa wameiandika popote. Ilitangazwa rasmi mwaka 2008. Kwa upande wa hasara, tembo wa Selous na maeneo yake ya jirani walihesabiwa kuwa zaidi ya 100,000 mwaka 1976. Mwishoni mwa miaka ya 1980 walibaki karibu 30,000. Walipolindwa waliongezeka hadi kiasi cha 70,000 mwaka 2006, kisha ujangili ukawashusha hadi takriban 13,000 mwaka 2013. Hesabu moja tu isingalionyesha anguko hilo. Hesabu zilizorudiwa ndizo zilizolifichua, na mwaka 2014 Selous iliwekwa katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini.

Mkulima aliyekesha akilinda shamba ana haki ya kuuliza: hesabu hii yamfaa nini yeye, ambaye tembo mmoja amemaliza mahindi yake? Yamfaa sana. Serikali hutoa kifuta jasho kwa mazao yaliyoharibiwa na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kufiwa, lakini si kwa uvumi. Hutakiwa taarifa na tathmini. Tena, kijiji kinachojua ni mwezi gani tembo huvuka, na wapi nyani huongezeka, hupanga walinzi na mashamba yake kwa busara. Kijiji kisichojua hubaki kulalamika tu.

Ndugu wajumbe, mtaalamu huja kwa wiki chache, kisha huondoka na kamera zake. Mkulima yupo mwaka mzima. Yapasa basi kila chama cha msingi kiwe na daftari moja zaidi, linaloandikwa siku, mahali, mnyama, idadi yake, na hasara kama ipo. Asiyeona aandike kwamba hakuona, kwani kutokuonekana kwa mnyama aliyezoeleka nako ni habari. Daftari hilo likitunzwa kwa uaminifu ule ule wa mizani ya ufuta, litamtetea mkulima mbele ya afisa, na litamtetea mnyama mbele ya jangili.